Waliopima Bahari Yetu

Msomaji mwenzangu, hebu nyoosha mikono yako yote miwili, kushoto na kulia, mpaka mwisho. Kutoka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule, wazee wetu wa pwani wanaita pima moja. Kwa pima hizo walihesabu urefu wa kamba, na kwa pima hizo walijua kina cha maji. Baharia alishusha bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, akasubiri kigote chini, kisha akavuta na kuhesabu: pima tatu, pima tano, pima kumi. Wazungu nao walikuwa na kipimo hicho hicho, mikono miwili iliyonyooshwa, wakakikadiria kuwa futi sita. Kumbe mbele ya bahari binadamu wote walianza kwa kutumia miili yao.

Tofauti ilikuja baadaye. Wapo waliopima wakaweka kichwani, na wapo waliopima wakaandika. Makala haya yanahusu hao walioandika. Yanahusu hasa meli nne za Jeshi la Wanamaji la Uingereza zilizojengwa kwa ajili ya kupima bahari, na namna habari zake zilivyokuja kugusa pwani hii, kuanzia Zanzibar na Rufiji mpaka Mtwara, Msimbati na mdomo wa Ruvuma.

Najua kuna atakayeuliza: kijana wa Mtwara na meli za Mwingereza, wapi na wapi? Nivumilie kidogo, utaona.

Manowari zilizokosa vita

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa inajenga manowari nyingi za ukubwa wa kati kwa ajili ya kupigana na Japani. Zilipewa majina ya ghuba. Mwaka 1945 vita vikaisha, na baadhi yake zilikuwa bado hazijakamilika. Utazifanyia nini manowari ambazo vita vyake vimeisha? Nne kati yake zikamaliziwa kwa kazi nyingine kabisa, kupima bahari. Pegwell Bay ikawa Cook, Herne Bay ikawa Dampier, Luce Bay ikawa Dalrymple, na Thurso Bay ikawa Owen.

Zilikuwa meli za urefu wa takriban mita 93. Zilipakwa rangi nyeupe badala ya kijivu cha vita. Silaha zake zilikuwa kidogo tu. Pale ambapo zingekaa silaha nzito palikuwa na vyumba vya kuchorea ramani, mashua ndogo za kupimia maji ya kina kifupi, na mitambo ya mwangwi. Mtambo wa mwangwi kazi yake ni rahisi kuielewa. Meli inapeleka sauti chini, sauti inagonga sakafu ya bahari, inarudi. Ndani ya maji sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde moja. Ikichukua sekunde 4 kwenda na kurudi, basi safari ya kwenda peke yake ni sekunde 2, na chini yako pana mita 3,000. Kazi ambayo kwa bildi ingekula nusu siku, sasa inafanywa meli ikiwa inatembea.

Na yale majina? Cook ni yule nahodha maarufu wa Pasifiki. Dampier alikuwa mwanamaji na mwandishi, na kabla ya hapo alikuwa haramia wa baharini. Dalrymple alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya ramani za bahari ya Uingereza, mwaka 1795. Wa nne, Owen, huyo ndiye wetu, kama inafaa kumwita hivyo.

Nahodha Owen na homa

William Fitzwilliam Owen alifika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1822 akiwa na meli mbili, Leven na Barracouta. Alitumwa apime pwani yote, kusini mpaka kaskazini. Hapakuwa na mtambo wa mwangwi wakati huo. Palikuwa na bildi, kamba, mashua za makasia na vijana wengi. Bildi ilipakwa mafuta mgando chini yake ili ikigota ipande na kipande cha kilichoko huko: mchanga, tope au magamba ya matumbawe. Nahodha akijua kina, na akijua pia aina ya sakafu, anajua nanga itashika au haitashika.

Vijana hao walikufa sana. Waliingia kwenye mito na mikoko, mbu wakawala, na hakuna aliyejua kuwa mbu ndiye mwenye homa. Owen aliporudi kwao mwaka 1826 alikuwa na ramani zipatazo 300, lakini zaidi ya nusu ya wale alioondoka nao walikuwa wamekufa. Mmoja wao, Luteni Reitz, jina lake lipo Mombasa mpaka leo, pale Port Reitz.

Na hakupima tu. Mwezi Februari 1824 alifika Mombasa, akawakuta Mazrui wanamwogopa Sultani wa Omani, akakubali kuweka mji chini ya bendera ya Uingereza bila kutumwa na mtu. Serikali yake ikakataa, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Lakini umeona? Mtu aliyekuja na kamba ya kupimia maji alijikuta anaamua mji ni wa nani. Hili litajirudia, usilisahau.

Sasa chukua ramani yoyote ya bahari ya sehemu zetu. Utaona Mikindani, utaona Msimbati, utaona Mnazi. Halafu utaona Rasi Delgado, jina la Kireno. Rasi Delgado waliipachika wenyewe. Lakini Msimbati? Bildi huleta juu mchanga, jina haliji nalo. Lazima palikuwa na mtu, mvuvi au rubani wa hapa, aliyesimama kwenye mashua akanyoosha kidole akasema, pale panaitwa hivi, na hapa pana fungu, usipite maji yakipwa. Yule Luteni ana bandari yenye jina lake. Huyu aliyenyoosha kidole hana hata mstari. Mimi ninayetaka kuandika riwaya siku moja, huyu ndiye mhusika ninayemtafuta.

Mto uliojifunga

Baada ya Owen akaja Livingstone. Mwezi Machi 1861 aliingia Ruvuma na meli ya moshi iliyoitwa Pioneer. Alikuwa anatafuta njia ya maji ya kufika Nyasa bila kupita kwenye eneo la Wareno. Alipanda kama maili 30, maji yakaanza kupungua, akaona meli itakwama, akageuza. Mwaka uliofuata akarudi na mashua, akaenda mbali zaidi, lakini mto ule haukuwa njia ya meli. Mwaka 1866 alijaribu tena, akiwa na ngamia na nyati kutoka India, akashindwa hata kuwashusha kwenye mdomo wa Ruvuma kwa sababu ya mikoko. Ndipo akaenda kushukia Mikindani.

Fikiria kidogo. Kama Ruvuma ungekuwa na pima nne za maji kutoka mdomoni mpaka mbali huko ndani, historia ya Kusini ingekuwa nyingine kabisa. Meli zingepanda, na miji ingejengwa kandokando. Mchanga wa mto uliamua kabla ya mkutano wowote wa Ulaya.

Mtwara yenyewe ni mtoto wa kina cha maji. Mji mkongwe ni Mikindani, wenye misikiti na magofu, lakini maji yake ni haba kwa meli kubwa. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 walihitaji bandari ya kupeleka mavuno ya Nachingwea, wakachagua ghuba ya Mtwara kwa kuwa ina kina. Reli ikajengwa, gati likajengwa. Mradi ukafa mwaka 1951, reli nayo ikang'olewa baadaye, lakini kina kilibaki, na mji ukabaki. Tunaoishi hapa tunaishi juu ya hesabu ya mtu aliyeshusha kipimo kwenye maji ya Msangamkuu.

Ramani iliyoficha manowari

Anayedhani kupima bahari ni kazi ya wapole na asikie kisa cha Rufiji. Wajerumani walikuwa na meli yao ya kupima, Möwe, iliyofanya kazi katika pwani hii. Iliupima mlango wa Rufiji na kugundua kwamba meli kubwa zinaweza kuingia. Ramani za Waingereza hazikuonyesha hivyo. Vita vya 1914 vilipoanza, Möwe ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti, isitekwe. Lakini kazi yake haikuzama. Mwezi Septemba manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikatokomea. Waingereza wakaitafuta wiki nyingi. Kumbe imo ndani ya Rufiji, kwenye mikoko, mahali ambapo kwa karatasi zao haikuweza kuwepo. Ilikuja kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Meli ndogo ya kupima, isiyo na nguvu ya kupigana, iliificha manowari kwa wiki nyingi kwa kuwa tu iliandika namba sahihi. Ndiyo maana mataifa makubwa hayaachi kupima.

Owen ya pili

Turudi kwenye meli zetu nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wa nchi nyingi walikubaliana kuichunguza Bahari ya Hindi kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa haijulikani kuliko zote. Meli Owen ikaingia katika kazi hiyo. Mwaka 1962 ilipita kaskazini mwa Shelisheli juu ya safu ya milima iliyoko chini ya maji, inaitwa Carlsberg. Ndiyo bwana, ile ile ya bia. Mfuko wa kampuni hiyo ya Denmark ndio uliogharimia msafara wa zamani wa utafiti, na shukrani zikawekwa chini ya bahari.

Ndani ya Owen alikuwemo mwanasayansi wa Cambridge, Drummond Matthews. Meli ilikokota nyuma yake chombo cha kupima nguvu ya sumaku. Namba zilizotoka zilishangaza: sakafu ya bahari ilikuwa na mistari kama ya kanga, mmoja sumaku yake inaelekea kaskazini, unaofuata imegeuka. Matthews alimpa namba hizo mwanafunzi wake, Fred Vine. Vine akasema hivi: pale katikati ya safu sakafu inapasuka, mawe ya moto yanapanda, yanapoa, na yanapopoa yanashika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo. Kisha yanasukumwa kando na mawe mapya. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi katika mamilioni ya miaka, kwa hiyo kila mstari ni kama ukurasa wenye tarehe. Maana yake sakafu ya bahari inatanuka, na mabara yanatembea. Walichapisha hoja hiyo Septemba 1963. Vine alikuwa na umri wa miaka 24.

Wakati huo huo huko Kanada, Lawrence Morley alikuwa amefikiria jambo hilo hilo peke yake. Akaandika makala, akapeleka kwenye majarida mawili, na yote mawili yakamrudishia. Nyinyi wenzangu mliowahi kurudishiwa hadithi na mhariri, jipeni moyo: hata habari ya dunia kutembea iliwahi kukataliwa.

Kutembea huko kunatuhusu. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita Madagaska ilikuwa imeshikana na upande huu wa Afrika, ikateleza kwenda kusini ikipita mbele ya pwani yetu. Ufa huo ulifungua beseni, na mto Ruvuma ukalijaza mchanga kwa mamilioni ya miaka. Mchanga huo ndio uliokuja kuhifadhi gesi. Yaani mto uliomfukuza Livingstone kwa uhaba wa maji ulikuwa unaweka akiba chini ya bahari.

Meli ilipata heshima yake. Kuna mpasuko mkubwa katika sakafu ya Bahari ya Arabu unaoitwa Mpasuko wa Owen, kutokana na meli hiyo. Basi jina moja lilikuwa mtu, likawa meli, likawa ufa wa dunia.

Usiku wa Mapinduzi

Miezi minne tu baada ya makala ya Vine na Matthews, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Meli ya Kiingereza iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa ipi? Owen. Ilikuwa katika shughuli zake za kupima, ikaagizwa iache kila kitu iende. Kabla tarehe hiyo haijaisha ilikuwa imefika mbele ya Mji Mkongwe, nyeupe, na silaha zake kidogo. Baadaye manowari halisi zikaja, na raia wa Kiingereza wakahamishwa.

Nimejaribu mara nyingi kuiwaza picha hiyo kwa macho ya mtu aliyesimama Forodhani. Meli nyeupe inatia nanga. Ni ya wanasayansi au ya askari? Jibu ni kwamba swali lenyewe halikuwa na maana kwa wenye meli. Ilikuwa ya jeshi siku zote, hata ilipokuwa inakokota sumaku. Serikali hailipii meli iende kuangalia mawe kwa kupenda mawe. Miaka hiyo nyambizi zilikuwa zinazidi kuwa silaha kubwa, na nyambizi inahitaji kujua iko juu ya nini. Elimu tuliyoipata kuhusu dunia ilikuja kama makapi mazuri ya shughuli hiyo.

Dalrymple inabadili bendera

Kisa cha ndugu yake Owen kinatugusa karibu zaidi. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO walianza vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea, kule kule kwenye mashamba ya karanga zilizokufa, na majeruhi waliletwa Mtwara. Novemba 1965 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote zisiipe Ureno silaha wala zana za kijeshi za kukandamizia watu wa makoloni yake. Mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia.

Mwaka 1966 Uingereza ikaiuzia Ureno meli ya kupima Dalrymple. Ikapewa jina Afonso de Albuquerque. Wanaosoma historia ya pwani watalijua jina hilo: mwaka 1507 Albuquerque alikuwa na Tristão da Cunha katika msafara uliouteketeza mji wa Barawa. Sina ugomvi na chuma. Lakini nauliza: meli ya kupima ni zana ya kijeshi, au si zana? Kwa karatasi mtu anaweza kubishana mpaka asubuhi. Kwa mtu aliyekuwa anavuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, mwenye kujua kina ni mwenye kujua utapita wapi.

Majina yetu, vipimo vya nani?

Siku hizi mambo yamebadilika, na tuseme ukweli, mengine yamebadilika vizuri. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Kuanzia 2010 ikagunduliwa pia mbali baharini, na visima vikapewa majina ya kwetu: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, kisha majina ya viungo, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Kisima cha Zafarani kiko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000. Hakuna tena Albuquerque.

Nilifurahi nilipoyaona majina hayo kwa mara ya kwanza. Halafu nikajiuliza nani alishusha kipimo. Meli zilizotafuta gesi hiyo zilikuja na kampuni za kigeni, na wengi wetu hapa hatujawahi hata kuiona picha ya sakafu ya bahari iliyo mbele ya mlango wetu. Wakati wa maandamano ya Desemba 2012 na vurugu za 2013, watu walibishana, wakapigwa, wengine wakafa, kuhusu kitu ambacho ramani yake ilikuwa mikononi mwa wengine. Jina la Kiswahili juu ya kisima ni jambo jema, lakini mtoto anaweza kupewa jina lako na bado akalelewa kwingine.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wazee wa Msimbati na Msangamkuu wameyafika. Wanajua mlango gani unapitika wakati wa bamvua na upi wakati wa maji mafu, wanajua fungu gani limehama baada ya mafuriko ya Ruvuma, wanajua mahali kwa kulinganisha mbuyu huu na kichuguu kile. Hayo yote yamo vichwani, na vichwa hivyo vinazeeka. Hatuna meli ya mita 93. Lakini daftari la kurasa 80 tunalo, na kalamu tunayo, na nauli ya mtumbwi kuvuka kwenda Msangamkuu haimshindi mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaoandika, hasa mlioko Kusini: kabla ya kutunga hadithi nyingine ya mapenzi ya Dar, kaeni na mzee mmoja alasiri moja, mwandike majina ya mafungu na milango ya maji anayoyajua, na sababu ya kila jina, na jina la mzee mwenyewe akiridhia. Luteni Reitz alipata bandari. Yule aliyenyoosha kidole akataja Msimbati anastahili walau ukurasa, na wajukuu zake bado wapo, wanavua pale pale. Atakayekuwa wa kwanza kuleta orodha yake jaridani, mimi nitakuwa wa kwanza kuisoma.